Nyumba Zitembeazo na Shimo la Mlangoni

Ndugu msomaji, kama umepata kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga, bila shaka unapajua mahali anaposimama utingo: pale chini mlangoni, penye vidato vya kupandia, mkono mmoja umeshika chuma na wa pili unahesabu nauli. Hapo hapakai abiria. Mtoto akipasogelea, mamaye humvuta. Ni shimo ndani ya gari, nasi tumelizoea hata hatulioni tena. Mimi pia sikuliona mpaka nilipofika Goshen, mji mdogo wa jimbo la Indiana, Marekani, nikawakuta jamaa zangu wameketi kikao cha usiku kwa sababu ya shimo kama hilo.

Nilikuwa nimekwenda kumtembelea mjomba wangu, mdogo wake mama. Mjomba ni seremala. Kazi aliipokea kwa marehemu babu, katika banda la nyuma ya nyumba yetu ya Ngamiani, akiwa mtoto wa shule ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kushika ncha ya ubao ili babu akate. Leo hufunga makabati katika kiwanda kimoja cha magari ambayo Wamarekani hutembea nayo kama kobe atembeavyo na nyumba yake. Mimi nayaita magari-nyumba. Ndani mna vitanda, jiko, jokofu, choo na bafu. Mbele mna usukani. Mwenye gari husafiri, na jioni ikimkuta huegesha, akapika, akalala, asimwombe mtu hifadhi.

Kutoka Goshen hadi Elkhart ni mwendo mfupi tu, katikati ya mashamba ya mahindi na soya yaliyolala kama mkeka. Mtu wa Kilosa angejiona kwao, isipokuwa haoni jembe wala mtu shambani. Elkhart ulikwisha jipatia sifa zamani kwa tarumbeta zake, maana tangu karne ya 19 wamekuwa wakifua vyombo vya shaba vya kupuliza. Toka miaka ya 1930 wakaanza kutengeneza matela ya kulala, na sasa sehemu kubwa ya magari-nyumba ya Marekani hutoka katika viwanda vya wilaya hiyo na jirani zake. Mwaka 2021, watu walipochoka kufungiwa majumbani na ule ugonjwa wa korona, viwanda vilitoa zaidi ya magari na matela 600,000 kwa mwaka mmoja. Lakini biashara hii ina homa za vipindi. Uchumi ulipoanguka mwaka 2008 hakuna aliyetaka kununua nyumba ya kutembelea, na mwanzoni mwa mwaka 2009 karibu mfanyakazi mmoja katika kila watano wa eneo hilo hakuwa na kazi. Rais Barack Obama, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika madaraka, alikwenda Elkhart mwezi Februari kuzungumza nao. Wanaofanya kazi viwandani humo wanaikumbuka miezi ile kama wazee wetu wanavyokumbuka njaa: kwa kuitaja, kisha kunyamaza.

Upo pia mjini humo ukumbi wa makumbusho ya magari-nyumba, na Mjomba alinipeleka. Nililiona tela la mwaka 1913, dogo kama banda la kuku, lakini limepakwa rangi kwa heshima. Nikaliona na gari la mwaka 1931 alilotengenezewa Mae West, mchezaji sinema, ili apate mahali pa kupumzikia. Mjomba hakuyatazama hayo kwa muda mrefu. Yeye aliinama mlango kwa mlango, akatazama ngazi. Mlinzi alianza kumwangalia kwa wasiwasi.

Sasa nieleze kisa cha ngazi hizo. Gari-nyumba kubwa hujengwa juu ya fremu ya lori. Kwa hiyo sakafu yake iko juu sana, karibu usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama nje. Ngazi ya nje hukunjwa gari likienda; nayo haitoshi. Hivyo mafundi hulazimika kuikata sakafu karibu na mlango na kuzishusha ngazi mbili au tatu ndani ya gari lenyewe. Katika gari la Mjomba, mlango uko ubavu wa kulia kule mbele, na shimo hilo liko sawasawa mbele ya kiti cha abiria anayekaa pembeni mwa dereva. Abiria huyo akiketi, miguu yake haina sakafu; inaning'inia juu ya shimo kama ya mtoto aliyekaa ukutani. Magari ya bei kubwa huwa na kifuniko kinachojiteleza chenyewe kwa umeme abiria abonyezapo kitufe. La Mjomba limetoka kiwandani zamani, yeye akiwa bado Tanga, na alilinunua kuukuu. Kifuniko hakina.

Mwaka uliotangulia, usiku, walipokuwa wameegesha porini, mkaza mjomba aliamka kunywa maji. Giza lilikuwa totoro. Alikwenda hatua moja kupita alipokusudia, na mguu wake haukukuta kitu. Alivunjika kifundo cha mkono. Yeye ni muuguzi. Alijifunga mwenyewe kwa kanga kabla mumewe hajapata miwani yake. Aliponisimulia alicheka, lakini nilimwona akikisugua kifundo hicho.

Hata hivyo kikao kile cha usiku hakikuitwa kwa ajili yake. Bibi alikuwa anakuja. Mama yake Mjomba, mzaa mama yangu, amepita miaka sabini, magoti yake humsumbua wakati wa masika, na alikwisha toa amri kwa simu kutoka Tanga kwamba katika safari yoyote atakaa mbele. "Sikupanda ndege kuja kutazama migongo ya watu," alisema. Ziliwabakia siku tano.

Mjomba alianza vile alivyofundishwa: hakugusa ubao. Alichukua boksi la jokofu, akalikata kwa kisu kadiri ya mdomo wa shimo, akalibandika upande mmoja kwa gundi ya karatasi ili liwe kama mlango wenye bawaba. Kipimo kilikuwa inchi 26 kwa inchi 23, lakini alipopima kutoka pembe hadi pembe, mistari miwili haikulingana. Shimo halikuwa na pembe mraba hata moja. "Gari si nyumba," aliniambia, "linajinyonga barabarani. Ukikata ubao wako mraba, utakwama siku ya kwanza kwenye korongo." Basi boksi likafuata upogo wa shimo, na likapewa nafasi ya upana wa sarafu mbili kila upande, ili zulia lipite na mbao zisisuguane.

Kosa la kwanza lilikuwa la bawaba. Mjomba alizipanga upande wa kiti, ili abiria aliyeketi ainue kifuniko kwa kukivuta kwake. Kwa macho ilipendeza. Mkaza mjomba alipoketi na kujaribu, boksi lilimpiga magotini, akawa hawezi kushuka wala kukaa. Wakahamishia upande wa kushoto, penye njia ya katikati. Kifuniko kikawa kinalala juu ya boma la injini na kumzuia dereva. Mwisho kikabaki upande wa mbele, chini ya dashibodi, ambako kikiinuliwa husimama wima na kuegemea, kisimkere mtu. Jioni nzima ilikwisha kwa boksi na gundi, bila kutumia hata senti moja ya mbao. Nawaambia, ndugu wasomaji wenye vyumba vidogo na mikono myepesi ya kupiga misumari, jaribuni kwanza kwa boksi.

Siku ya pili alikuja mgeni. Ni mfanyakazi mwenzake Mjomba, mtu wa makamo, ndevu bila sharubu, suruali yenye kanda mabegani, naye amekuja kwa baiskeli. Huyu ni Mwamishi. Hawa ni Wakristo wa asili ya Uswisi na Ujerumani, ambao nyumbani huzungumza lahaja yao ya Kijerumani, na ambao kwa imani yao hawamiliki motokaa. Husafiri kwa kigari cha farasi. Wa sehemu hizo wengi huendesha baiskeli pia. Wanaweza kupanda gari la mtu mwingine, ila si kulimiliki. Lakini pita asubuhi na mapema karibu na viwanda vya magari-nyumba utawakuta wengi wao wakiingia kazini, maana useremala wao hauna mfano. Yaani nyumba za magurudumu za Wamarekani zinajengwa, kwa sehemu isiyo ndogo, na watu ambao hawatapata kamwe kumiliki hata moja. Nilitamani kumwuliza analionaje jambo hilo. Nikaona ni utovu wa adabu, kwa kuwa amekuja kusaidia.

Alitazama boksi, akatazama mlango, akauliza swali moja: kifuniko kitafungwaje? Mjomba alimwonyesha komeo zuri la shaba. Alikuwa amelinunua asubuhi ile, akaona litamhakikishia Bibi kuwa ubao hauinuki gari likirukaruka. Mwamishi alitikisa kichwa. Akatoka nje, akafunga mlango, kisha akaufungua kama mtu anayekuja mbio kuokoa. Kutoka nje, ubao ule ulikuwa usawa wa kifua chake, umeziba njia yote. Aliusukuma kwa kiganja ukainuka. Akamwambia Mjomba alishike komeo mahali pake na kuliingiza. Akausukuma tena. Haukuinuka.

"Moto," alisema. Hakuongeza neno.

Msomaji, gari-nyumba lina tangi la gesi ya kupikia, nyaya za umeme, na kuta nyembamba za mbao na plastiki. Likishika moto halingoji. Pana dirisha la dharura kule nyuma penye vitanda, hiyo ni kweli, lakini mwanamke wa miaka sabini na magoti yake hataruka dirishani. Mlango ule ndio mlango wake. Mjomba alilitazama komeo lile mkononi kwa muda, akalitia katika mfuko wa shati. Bila shaka aliona aibu mbele ya mpwa wake, maana babu alikuwa akisema mlango kabla haujawa wa kufungwa ni wa kufunguliwa, na maneno hayo sisi sote tunayajua.

Waliobaki ni mafundi wawili na mimi wa kushika ncha ya ubao. Walichagua plaiwudi ya robo tatu ya inchi, yaani milimita 19 hivi. Mjomba alitaka nyembamba zaidi iwe nyepesi kwa mkono wa Bibi; mwenzake akasimama katikati ya ubao mwembamba uliowekwa juu ya magogo mawili, ubao ukapinda kama upinde, na ubishi ukaisha. Shida ni kwamba kifuniko hicho hakiwezi kuegemea pande zote nne. Upande wa mlango hakuna cha kuegemea, kwa kuwa mlango hufunguka. Basi wakapiga papi za mbao ngumu katika pande tatu za shimo, chini ya usawa wa sakafu kwa unene wa ubao pamoja na zulia, wakazitia gundi na skrubu ndefu zilizokamata mbao za sakafu, si ngozi yake tu. Ukingo wa upande wa mlango wakaufungia chini pembe ya alumini ili usipinde, nao wakauacha mbali na mlango kwa inchi moja na nusu, kitasa kizunguke bila kugusa na vidole vipate pa kuingia.

Bawaba haikuwa zile mbili za mlango. Ilikuwa ndefu, ya mfululizo, kama ile inayoshika kifuniko cha kinanda, toka ncha hii hadi ile. Mjomba alinieleza sababu: bawaba mbili hubeba uzito wote katika skrubu chache, na mtetemo wa safari huzilegeza moja moja, ndefu huugawa kwa skrubu nyingi ndogo. Zile skrubu nilizifunga mimi. Zilikuwa 30 na zaidi, na kwa kila moja Mjomba alitoboa kwanza tundu jembamba kwa keekee ili ubao usipasuke. Niliuliza kama lazima. Hakunijibu, na kwa yule aliyelelewa na mafundi hilo ni jibu tosha.

Kisha ukaja usafi: msasa, rangi ya mafuta upande wa chini ili unyevu wa viatu vya mvua usiuvimbishe, utepe wa sufi juu ya zile papi ili ubao usigongegonge njia nzima, tundu la mviringo la kuingiza vidole, na zulia juu. Kifuniko kikiwa kimeinuliwa hushikwa na ukanda wa ngozi wenye kifungo. Pembezoni, mkaza mjomba alitaka mstari mweupe wa rangi inayong'aa gizani, naye mwenyewe ndiye aliyeuchora, kwa ule mkono uliovunjika.

Bibi aliwasili siku ya Ijumaa. Baada ya shikamoo na machozi na mizigo iliyonuka dagaa na karafuu, tulimpeleka kuliona gari. Alikwenda moja kwa moja ubavu wa kushoto, akasimama akitafuta mlango, kwa kuwa kwetu mlango wa basi uko kushoto. Tulipomzungusha akapanda vidato pole pole, akaketi kiti cha mbele, na Mjomba akashusha ubao. Bibi alitazama miguu yake imetulia juu ya zulia. Akagonga kwa kisigino mara mbili.

"Ubao gani huu?"

Mjomba akamwambia.

"Baba yako angeweka mninga," alisema. Mjomba akacheka hadi akashika ukuta, nami nikajua amepewa cheti.

Jioni ile Mjomba alifanya jambo ambalo sikulitazamia. Alituingiza sote garini, akateremsha kifuniko, akazima taa zote, akasema: "Kila mtu atoke." Mmoja mmoja. Tulipaswa kupapasa, kuupata ule mstari mweupe, kuingiza vidole katika tundu, kuinua, kufunga ukanda, kufungua mlango, kushuka. Mimi nilijikwaa. Mkaza mjomba alitoka upesi kuliko wote. Bibi alilalamika kwamba hakuja Marekani kuchezeshwa kombolela, lakini aliinua, na kutoka katika giza tuliisikia sauti yake ikihesabu vidato: moja, mbili, tatu. Alirudia mara mbili nyingine bila kuambiwa.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, tukashika njia ya magharibi, barabara namba 20, tukapita South Bend, kuelekea vichuguu vya mchanga vya Ziwa Michigan, ambavyo tangu mwaka 2019 ni hifadhi ya taifa. Ni safari ya yapata kilomita mia moja. Katikati ya njia jimbo hilo hilo linabadili saa, na tulipovuka mpaka wa wilaya saa zikarudi nyuma kwa saa moja nzima. Bibi aliona jambo hilo kuwa ni wizi, ila hakuweza kuamua nani kamwibia nani. Alikaa pale mbele kama nahodha, mkanda kifuani, miguu juu ya ubao, akisoma kwa sauti kila kibao chenye jina aliloliweza. Kila tulipovuka reli niliutegea sikio ubao. Haukugonga.

Ziwa lile, msomaji, halina ng'ambo. Mawimbi yanavunjika, mchanga ni mweupe mwembamba, nyuma yake vichuguu vimepanda juu kupita minazi. Bibi alivua viatu, akajishika begani kwangu, akaenda hadi maji yakamfika kwenye vifundo. Akachota kwa kiganja, akaonja. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo anavyonitania tangu nikiwa mdogo, "bahari yao wamesahau kuitia chumvi."

Usiku tulilala kambini, chini ya miti. Mimi nilitandikiwa kwenye kochi, karibu na mlango. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipomsikia Bibi ameamka. Aliipapasa meza, akapata bilauri, akanywa. Kisha nyayo zake zikaja, pole pole, upande usio wa kitanda chake. Nilifumbua macho. Nikataka kuita. Kisigino chake kikagusa ubao, ko, kikasimama. Akagonga mara ya pili, kama alivyofanya siku ile ya kwanza, akageuka, akarudi kulala.